Kununua na kufufua ampli ya zamani ya valvu, kwa mfano wa Fender Champ

Maswali ni yale yale kila mara. Nimeona Fender ya zamani inauzwa, nichukue? Ya Marekani nikiichomeka hapa kwetu itaungua? Imelala stoo miaka na miaka, niiwashe kwanza nione? Inanguruma tu, ina maana valvu zimekufa? Nimeyajibu kipande kipande vya kutosha. Hapa nayaweka pamoja kwa mpangilio wa kazi yenyewe, ili anayeanza asipoteze hela na asiumie.

Mfano wetu ni ampli moja ya gitaa ya kampuni ya Fender ya Marekani: Fender Champ ya paneli ya fedha, zile zilizoanza kutoka 1968. Nimeichagua kwa sababu ina valvu tatu tu, yaani ile mirija ya kioo inayowaka ndani. 5Y3GT inageuza umeme wa transfoma kuwa wa upande mmoja, 12AX7 inakuza sauti ya gitaa kwa hatua mbili, na 6V6GT inasukuma spika. Spika ni moja, ya inchi 8. Nguvu ni wati 5 au 6 hivi, ambazo kwa valvu zinatosha kumwamsha jirani, ila kwenye bendi yenye ngoma utahitaji kuiwekea maikrofoni. Ukiielewa Champ, ndugu zake wakubwa kama Princeton na Deluxe hawatakutisha.

Msimamo wangu niuseme mapema. Kufufua ampli ni kubadilisha vitu vichache vinavyozeeka na kuviacha vingine vyote mahali pake. Ampli nyingi za zamani ninazoziona zimeharibiwa na watu waliobadilisha kila kitu, kuliko zilizoharibiwa na muda.

KABLA HUJASHIKA BISIBISI

Ndani ya Champ kuna umeme wa volti 350 na zaidi. Kapasita kubwa za kuchujia zinaweza kuushikilia muda mrefu baada ya wewe kuchomoa plagi. Kuchomoa peke yake hakukulindi. Vua pete, saa na mkufu. Vaa viatu vya mpira. Ukipima ampli ikiwa imewashwa, mkono mmoja uwe mfukoni, ili umeme usipate njia ya kupita kifuani kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Usifanye kazi hii peke yako ndani ya nyumba, na usiifanye umechoka.

Kama hujawahi kupima umeme wa juu, shughuli ya kununua ifanye mwenyewe, lakini kazi ya ndani kaa na fundi. Mtafute aliyekuwa akitengeneza TV za chogo na redio kubwa za zamani. Huyo amezoea volti za kuua na kapasita zinazoshikilia umeme, hata kama hajawahi kuona ampli ya gitaa. Fundi wa simu, awe hodari kiasi gani, kazi yake ni ya volti chache.

VITU VYA KUWA NAVYO

- Mita ya dijitali inayopima hadi volti 1,000, na waya wake mmoja uwe na klipu ya mdomo wa mamba.
- Rezista ya kilo-omu 100, wati 2 au zaidi, iliyolehemewa waya wenye klipu kila upande. Hii ni ya kutolea umeme uliolala.
- Solda ya wati 40 hadi 60. Fender walilehemu waya nyingi za erthi moja kwa moja kwenye bati la chasisi, na hapo utahitaji kuazima ya wati 100.
- Risasi ya 60/40 yenye ulimbo ndani. Ile ya mabomba yenye asidi usiisogeze karibu. Itaila shaba polepole.
- Soketi ya balbu na balbu ya waya ya wati 60 hadi 100, ile ya kizamani inayotoa joto. Ya LED haifai kabisa kwa kazi hii.
- Transfoma ya kushusha umeme kutoka volti 240 za kwetu hadi 120 za Marekani, ya wati 150 au zaidi, yenye tundu la erthi.
- Mchoro wa saketi ya Champ, wenye namba AA764. Namba hiyo utaikuta kwenye karatasi ya valvu iliyobandikwa ndani ya sanduku. Mchoro wenyewe unapatikana bure mtandaoni.
- Kijiti kikavu cha mti au cha plastiki, dawa ya kusafishia kontakti, na simu yenye kamera.

Kuhusu transfoma ya kushusha: kuna vifaa vyepesi vya elektroniki vinavyouzwa kwa ajili ya pasi na mashine za kukaushia nywele. Hivyo achana navyo. Unataka ile nzito yenye chuma na waya ndani. Na usiamini maandishi ya "110V", pima. Pasipo mzigo mkubwa, ikitoa kati ya 110 na 122 uko salama.

KUNUNUA

Unanunua vyuma, mbao na spika. Yaani transfoma ya umeme, transfoma ya kutolea sauti, chasisi, sanduku, na spika kama bado nzima. Hivyo ndivyo vyenye thamani na ndivyo vigumu kupata. Kapasita zilizokauka, voliumu inayokwaruza, valvu zilizochoka na ngozi ya nje iliyochanika visikutishe. Vitumie kupunguza bei. Vinavyopaswa kukurudisha nyumbani ni kutu ndani ya chasisi, harufu ya vanishi iliyoungua kwenye transfoma, matundu mapya yaliyotobolewa na mtu aliyetaka "kuiboresha", na ubao wa ndani ulioungua.

Watu watakuambia za paneli nyeusi, zilizotangulia za fedha, ndizo Fender za kweli, kwa kuwa kampuni iliuzwa kwa CBS, shirika la utangazaji la Marekani, mwaka 1965. Kwenye ampli kubwa hoja hiyo ina uzito, maana saketi kadhaa zilibadilishwa baadaye. Kwenye Champ, saketi ya AA764 ilivuka kutoka paneli nyeusi hadi ya fedha. Usilipe bei ya rangi.

Kama unanunua kwa mbali, labda kuna ndugu yako Marekani au Uingereza atakayeichukua, omba picha hizi: nyuma ikiwa wazi, karatasi ya valvu, namba za transfoma, namba ya spika, na plagi. Namba zinasema mengi. Transfoma za Fender za miaka hiyo zilitengenezwa na Schumacher, na msimbo wake ni 606. Ukiona 606832, soma hivi: Schumacher, mwaka unaoishia na 8, wiki ya 32. Ni 1968 au 1978. Namba nyingine zitakuamulia. Kwenye spika, 465 ni Oxford, 137 ni CTS, 220 ni Jensen, 328 ni Utah. Transfoma na spika zikikaribiana tarehe, kuna uwezekano mkubwa kuwa hazijabadilishwa.

Angalia pia paneli ya nyuma imeandikwa volti ngapi. Za soko la Marekani zimeandikwa 117 au 120, na mizunguko 60 kwa sekunde (Hz). Ikiandikwa 220 au 240, hiyo ilitengenezwa kuuzwa nje ya Marekani, na hutahitaji transfoma ya kushusha.

Ukiwa kwa muuzaji, usikubali iwashwe "tuone tu" kama imelala miaka. Pima ikiwa baridi. Mwambie achomoe plagi na valvu, kisha weka mita kwenye volti za DC na uhakikishe hakuna umeme kati ya tundu namba 8 la soketi ya 5Y3 na chasisi. Kuna kitu? Subiri. Hakuna? Geuza mita kwenye omu, upime:

- Tundu 3 la soketi ya 6V6 hadi tundu 8 la 5Y3: hapo unasoma transfoma ya kutolea sauti. Tarajia mamia ya omu. Mita isiposoma chochote, waya wa ndani umekatika.
- Tundu 4 hadi tundu 6 la 5Y3: huo ni upande wa volti kubwa wa transfoma ya umeme. Hapo pia tarajia mia kadhaa.
- Pini mbili za plagi, swichi ikiwa imewashwa: omu chache. Isiposoma kitu, angalia fyuzi kabla ya kulaumu transfoma.
- Spika ikiwa imechomolewa: karibu omu 3.

Vipimo hivi havichukui hata dakika kumi, na vitakuokoa na hasara kubwa kuliko nyingine zote. Tundu 1 la 6V6 na la 5Y3 hesabu kutokea kwenye mfereji wa katikati, ukiitazama soketi kwa chini kwa kufuata mshale wa saa. Ukiitazama kwa juu, hesabu kinyume chake.

KAZI YENYEWE

1. Piga picha. Nyingi, kwa mwanga wa mchana, kila kona. Utakapokuwa umeshika waya wa njano bila kukumbuka ulitoka wapi, picha ndiyo itakujibu.

2. Toa chasisi na utoe umeme uliolala. Chomoa plagi, fungua kibao cha nyuma, chomoa spika, toa valvu na uzifunge kwenye kitambaa. Chasisi inashikwa na skrubu za juu. Ikishatoka, funga klipu moja ya rezista yako kwenye chasisi, na nyingine iguse upande chanya wa kila kapasita kubwa kwa dakika moja. Kisha pima. Usianze kazi hadi mita isome chini ya volti 5. Rudia kila unaporudi kwenye chasisi baada ya kuiwasha, hata kama una uhakika.

3. Weka kebo ya waya tatu. Nyingi zitakuja na plagi ya pini mbili au kebo iliyokauka na kupasuka. Katika ampli za Marekani za miaka hiyo mara nyingi utakuta pia kapasita ndogo, kwa kawaida ya mikrofaradi 0.047, kutoka waya wa umeme kwenda kwenye chasisi. Ikipasuka ndani, chasisi yote inapata umeme, na pamoja nayo nyuzi za gitaa lako. Ikiwapo, ikate uitoe. Laivu iingie kwenye fyuzi kwanza, kisha swichi, kisha transfoma. Nyutro iende moja kwa moja upande wa pili wa transfoma. Erthi ifungwe kwenye chasisi kwa boliti yake yenyewe yenye washa ya meno, na waya wake uuache mrefu kuliko wenzake ili kebo ikivutwa uwe wa mwisho kukatika.

Hapa kuna kosa ambalo watu makini hulifanya wakidhani wanasaidia: kuifungia ampli ya volti 117 plagi yetu ya pini tatu nene. Siku moja mtu mwingine ataichomeka ukutani, na transfoma imekwenda. Iache na plagi ya Kimarekani ya pini tatu, inayoingia kwenye transfoma ya kushusha tu, na uandike kwa kalamu nene nyuma yake: VOLTI 120 TU. Kisha pima kutoka pini ya erthi ya plagi ya ukutani, kupitia transfoma ya kushusha, hadi kwenye chasisi. Isome chini ya omu 1. Transfoma nyingi za bei nafuu zina tundu la erthi lisilounganishwa na kitu chochote.

4. Badilisha kapasita za kuchujia. Hiki ndicho chanzo kikuu cha mngurumo, na hata kama haingurumi, kapasita ya nusu karne haina uhai wa kutegemea. Wako wanaoshauri kuwasha kwa volti ndogo kidogo kidogo hadi kapasita "ifufuke". Mimi sishauri: ikija kupasuka, inaondoka na transfoma ya umeme, na transfoma ni ghali mara nyingi zaidi ya kapasita. Kwenye Champ ni kopo moja la alumini lenye sehemu kadhaa ndani. Soma thamani kwenye kopo na kwenye mchoro, ununue kopo jipya la namna hiyo au kapasita moja moja. Ziwe za volti 500. Za 450 zinatumika, ila dakika ya kuwasha, kabla 6V6 haijaanza kuvuta, volti hupanda juu ya kiwango cha kawaida.

Angalia chanya na hasi mara mbili. Kapasita ya namna hii ikifungwa kinyume hulipuka na kutapika kemikali zake. Fanya moja, maliza, ndipo uende nyingine. Za kung'oa kwenye power saplai za TV mbovu usitumie, hata kama fundi anazo sanduku zima; hizo nazo zimepikwa miaka.

5. Badilisha kapasita za kathodi (kathodi ni sehemu ya valvu inayotoa elektroni). Ni ndogo, mikrofaradi 25 za volti 25. Weka za 25 au 22, volti 50. Bei yake haifiki hata ya soda, na mara nyingi besi iliyokuwa imepotea inarudi hapo hapo.

6. Pima rezista zote, badilisha zilizopotoka tu. Zile za kahawia za kaboni hupanda thamani kwa umri. Ya kilo-omu 100 ikisoma 112, iache. Ikisoma 140, itoe. Ya kathodi ya 6V6 ni omu 470. Hiyo ipime kwa makini, na ukiibadilisha weka ya wati 3 au 5. Kumbuka rezista iliyo ndani ya saketi inaweza kusoma chini kwa sababu ya njia nyingine. Ikisoma juu ya thamani yake, hapo kweli imepanda.

7. Kapasita za kupitisha sauti ziache. Hizi, za mikrofaradi 0.02 na kama hizo, ndizo watu hukimbilia kuzibadilisha na kuweka za bei mbaya. Ngoja hatua ya 11 ikuambie kama zinavuja. Ambayo haivuji ibaki. Na kila ulichokitoa kitie kwenye mfuko wa plastiki, ukifunge ndani ya sanduku la ampli; mnunuzi wa kesho atauliza.

8. Safisha. Nyunyiza dawa kwenye soketi za valvu, jeki na voliumu, uzungushe mara nyingi. Pini za soketi zilizolegea zibane kidogo kwa sindano nene, umeme ukiwa umetolewa. Kwa walioko Mombasa, Zanzibar, Dar na pwani yote: chumvi ya hewani hutengeneza tabaka la kijani kwenye pini, na dawa peke yake haitoshi. Chomeka na kuchomoa valvu mara kadhaa hadi pini zing'ae.

9. Kagua spika. Sukuma koni polepole kwa vidole vya mikono yote miwili. Ikikwaruza, waya wake wa ndani unagusa sumaku. Mpasuko mdogo unazibwa kwa karatasi nyembamba na gundi iliyozimuliwa, ipakwe kidogo tu. Panya hupenda koni, kwa hiyo angalia na nyuma.

10. Washa kwa kupitia balbu. Unganisha balbu ya waya ili umeme wa laivu upite ndani yake kabla ya kufika kwenye transfoma ya kushusha. Kwanza washa transfoma ya kushusha peke yake uone balbu inawaka kiasi gani. Kisha ampli bila valvu yoyote: balbu iwe imefifia au isionekane kabisa. Ikiwaka kwa nguvu zote, zima, kuna shoti. Ikiwa sawa, zima, rudisha valvu zote, funga spika, washa tena. Itang'aa kidogo, itafifia, na valvu zitaanza kuonyesha rangi ya chungwa ndani. Ampli yenye valvu ndani haiwashwi bila spika hata mara moja. Bila mzigo, transfoma ya kutolea sauti inaweza kuungua.

11. Toa balbu, pima volti. Klipu nyeusi kwenye chasisi, mkono mmoja mfukoni.

Pini 2 na 7 za 6V6, ukipima umeme wa AC kati yake: 6.3, inaruhusiwa kutoka 5.7 hadi 6.9. Ikizidi hapo, transfoma ya kushusha inatoa volti nyingi mno. Rudia kipimo usiku wa manane pia, kwa sababu umeme wa nyumbani hupanda watu wakilala.

Sasa hamia DC. Pini 8 ya 5Y3 na pini 3 ya 6V6, kila moja: volti 340 hadi 370 hivi. Linganisha na mchoro, tofauti ya asilimia 10 ni kawaida.

Pini 5 ya 6V6: sifuri, au karibu sana na sifuri. Ikisoma nusu volti au zaidi upande wa chanya, kapasita ya kupitisha sauti iliyo nyuma yake inavuja, nayo ibadilishe leo hii. Hiyo ndiyo sababu sikutaka uzibadilishe kwa kubahatisha.

Pini 1 na 6 za 12AX7: kati ya 150 na 220. Pini 3 na 8: volti 1 hadi 2.

12. Fanya hesabu ya 6V6. Champ haina skrubu ya kurekebisha. Rezista ya kathodi ndiyo inayoiweka valvu sawa. Ila thibitisha. Tuseme pini 8 inasoma volti 19. Gawa kwa 470, unapata ampea 0.040. Pini 3 inasoma 345. Toa 19, zinabaki 326. Zidisha kwa 0.040: wati 13. Sehemu ndogo ya mkondo huo inapita kwenye skrini (wavu wa ndani ya valvu), kwa hiyo anodi, yaani bati linalopokea elektroni, inabeba kama 12 na nusu. Valvu ya 6V6GT ina kikomo cha wati 12 kwa vipimo vya zamani na 14 kwa vya baadaye, kwa hiyo hapo ni sawa. Ikizidi 14, panda hadi omu 560, upime upya.

Valvu mpya zinapatikana. JJ wa Slovakia wanatengeneza, na Warusi na Wachina pia. 12AX7 na ECC83 ni kitu kimoja. Ila mahali pa 5Y3 usiweke GZ34 kwa kuwa "inaingia". Inapoteza volti chache sana, kwa hiyo kila kitu ndani ya ampli kitapanda. 5U4 nayo inavuta ampea 3 za kuwashia nyuzi zake za ndani, wakati 5Y3 inavuta 2. Transfoma haikutengenezewa mzigo huo.

13. Iache iwake saa moja, ukiipiga. Kisha gusa transfoma ya umeme. Ilitengenezwa kwa mizunguko 60, sisi tuna 50, na transfoma ya kushusha haibadilishi mizunguko. Kwa hiyo itakuwa na joto zaidi kuliko ingekuwa Marekani. Ukiweza kuushikilia mkono kwa sekunde tano, iendelee. Ukiuondoa mara moja, soma kipengele cha mwisho hapa chini.

IKIGOMA

Inanguruma. Sikiliza ni sauti gani, na gitaa lako litakusaidia. Piga G, uzi wa sita freti ya tatu. Noti hiyo ni mizunguko 98, karibu kabisa na 100. Mngurumo ukilingana nayo, tatizo ni kuchuja: kapasita kubwa, au erthi ya kapasita hizo haijalehemiwa vizuri. Mngurumo ukiwa oktavu moja chini yake, huo ni wa mizunguko 50: tafuta waya za kuwashia valvu zinazopita karibu na waya za sauti, jeki yenye kutu, au kebo ya gitaa. Ukipotea pale unapochomoa 12AX7, chanzo kiko kwenye hatua za mwanzo, na kapasita kubwa hazina hatia.

Fyuzi inakatika. Chomoa 5Y3, weka fyuzi mpya ya ampea zile zile zilizoandikwa nyuma, washa kwa balbu. Balbu ikififia, shoti iko mbele: 5Y3 yenyewe, kapasita, au 6V6. Balbu ikiwaka kwa nguvu zote, ni transfoma ya umeme au waya wa kabla yake. Kufunga karatasi ya sigara mahali pa fyuzi ni kuamua kuiunguza transfoma.

6V6 inakuwa nyekundu kwenye bati lake. Zima sasa hivi. Sababu ni tatu za kawaida: pini 5 ina volti chanya, kapasita ya kathodi imepiga shoti, au valvu yenyewe mbovu.

Inatoa sauti ya mahindi yanayokaangwa. Ampli ikiwa imewashwa, gonga vitu vya ndani kimoja kimoja kwa kijiti kikavu, mkono mwingine mfukoni. Mara nyingi ni rezista ya kilo-omu 100 ya anodi ya 12AX7, hata kama mita inaisoma vizuri. Badilisha hizo mbili.

Voliumu bado inakwaruza baada ya kusafishwa. Pima DC kwenye mguu wake wa katikati. Ikiwapo, kapasita iliyo kabla yake inavuja na dawa haitasaidia.

Sauti ndogo. Jaribu 12AX7 nyingine kwanza, kisha 6V6. Bado? Rudi hatua ya 5.

Inapiga mluzi mkali tangu ulipobadilisha transfoma ya kutolea sauti. Champ inarudisha sehemu ya sauti ya spika nyuma kwenye 12AX7. Waya zikiwa kinyume, badala ya kutuliza inachochea. Zima, toa umeme uliolala, badilishana waya mbili za upande wa valvu.

Transfoma ya umeme inachemka. Toa valvu zote, washa kwa nusu saa. Ikichemka hata hivyo bila kuvuta kitu, imepiga shoti kwa ndani. Ikipoa, pima hesabu ya 6V6 upya, na hakikisha unaipa 117, si 125. Vyote vikiwa sawa na bado huwezi kuishika, wakati umefika wa kufunga transfoma mbadala yenye upande wa kuingizia wa volti 240 kwa mizunguko 50. Hammond wa Canada wana za namna hiyo zinazoingia kwenye ampli za Fender. Linganisha kwanza volti zake za kutolea na nafasi ya boliti. Ukishaifunga, transfoma ya kushusha haihitajiki tena. Ng'oa plagi ya Kimarekani, weka yetu ya pini tatu yenye fyuzi ya ampea 3 ndani, futa yale maandishi ya VOLTI 120 TU, na fyuzi ya nyuma ya ampli ishushe nusu, kwa sababu volti zikiongezeka mara mbili, ampea zinazopita hapo zinapungua nusu.